Seva ya Marehemu Mundhir

Kompyuta ya marehemu Mundhir ilipozimika mara ya kumi na moja ndani ya wiki tatu, mama yake hakulia kama alivyolia mara kumi za mwanzo. Alimpigia simu mwanawe mkubwa dukani, akamwambia, "Eda ikiisha, Hanadi aondoke kwangu," akakata.

Eda ya Hanadi ilikuwa imebakiza siku tisa.

Hiyo ndiyo sababu asubuhi ya Jumanne Sajenti Gertruda alisimama mbele ya mlango wa Bi Khairiya, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Mbegani, mkoba wa bisibisi begani, akipiga hodi. Usajenti wenyewe ulikwisha siku nyingi. Alitumikia polisi Dar es Salaam miaka kumi na tisa, sita ya mwisho akifukua simu na kompyuta za watuhumiwa, halafu akastaafu, akarudi Bagamoyo kufungua kibanda cha kutengeneza kompyuta. Watu waliendelea kumwita Sajenti, naye hakuona haja ya kuwasahihisha, maana jina hilo lilimpatia kiti kila alikokwenda.

Aliyemfungulia ni Yousuf, yule mwana mkubwa, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mpole anayezungumza huku akitazama viatu vyake.

"Sitakuficha, Sajenti," alisema kwa sauti ya chini. "Mshitakiwa ni shemeji yangu. Mama anaamini Hanadi anaizima makusudi ili amsahau ndugu yangu haraka, aolewe kwingine. Mimi siamini. Lakini ukihesabu watu humu ndani unakwama. Mimi nashinda dukani. Mwanabaraka, mfanyakazi wetu, anafanya kazi zake, saa kumi anakwenda kwao Mlingotini. Mama ndiye analia ikizimika. Amebaki nani?"

"Fundi aliyetoka Dar alisemaje?"

"Alikuja mara mbili. Kwanza akabadilisha pawa saplai, halafu memori. Zote mpya, na bado inazimika. Na mtu wa kuhojiwa yuko eda. Mwanamume asiye ndugu ataingiaje chumbani kwake? Ndipo nikakukumbuka wewe. Mwanamke, fundi, tena polisi. Bagamoyo nzima sijui mwingine."

"Na nikikuta kweli ni yeye?"

Yousuf aliendelea kuvitazama viatu. "Basi sitakuwa na la kumwambia mama. Wazazi wa Hanadi walishafariki. Ana mjomba mmoja Pangani, na huyo hata mazikoni hakuja."

Bi Khairiya alikuwa ameketi sebuleni, mwembamba, mweupe wa nywele, macho yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Gertruda aliinama akampa mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Na mama yako Kiwangwa, hajambo? Mwambie yale mananasi aliyoniletea yalikuwa matamu sana."

Mama yake Gertruda alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa, na Bi Khairiya huyuhuyu alikuja kwenye msiba, akakaa mkekani na wafiwa mpaka jioni. Wazee hupitiwa, Gertruda alijiambia.

"Nashukuru, Bibi," alijibu, akauachia ule mkono. Ulikuwa unanukia mafuta ya karafuu, yale wazee wanayochulia magoti.

Bi Khairiya alieleza kesi yake kwa mpangilio ambao mwendesha mashitaka angeuonea wivu. Macho yalipoanza kumtupa, Mundhir alichukua kompyuta kuukuu ya ofisini, akaigeuza kuwa seva, ghala la nyumba: picha, video za harusi, barua za ndugu walioko Maskati. Kisha akaanza kujirekodi akimsomea mama yake. Alimsomea magazeti, alimsomea barua, na alipokosa cha kusoma alimsimulia vituko vya wateja wa dukani kwa kaka yake. Miaka mitano ya sauti. Pumu ilipomchukua mwanzoni mwa Juni, sauti zilibaki, na kila siku baada ya sala ya alasiri Hanadi humfungulia mama mkwe rekodi moja kwenye spika.

"Anayenifungulia ni yeye, na anayeizima ni yeye," alisema Bi Khairiya. "Anafungua ili nisimshuku. Umepata kuona ujanja kama huo?"

"Nimeuona," alisema Gertruda, na hakusema uongo.

"Basi mkamate. Mwanangu kafa mara moja. Sitaki mtu anifishie kila siku."

Seva ilikuwa katika chumba kidogo cha kazi alichokitumia marehemu, kati ya chumba cha mama na chumba cha mjane. Kasha jeusi la miaka kumi na tatu, limewekwa juu ya kigoda, feni ikivuma taratibu. Gertruda alikuwa na desturi yake tangu enzi za polisi, kwamba unaokoa kwanza ndipo unauliza. Aliizima mwenyewe, akatoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake, akanakili kila kilichokuwemo. Kazi hiyo ilimla mpaka adhuhuri. Rekodi zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na kati ya hizo tatu hazikufunguka. Kuzimikazimika ghafla kulikuwa kumeshazila. Zilizobaki zilisalimika, na hapo alau moyo wake ulitulia, akageukia mashine yenyewe.

Pawa saplai ilikuwa nzima. Memori aliipima mara mbili, nzima. Parafujo zilikuwa na kutu ya hewa ya bahari, kutu ya juujuu isiyozuia kazi. Kwenye wavu wa feni, upande wa nyuma, alikuta nyuzi nne za sufu nyekundu. Alizichomoa kwa kibano akazitia ndani ya bahasha, na kuandika tarehe juu yake ingawa hakuna hakimu aliyekuwa anazisubiri. Halafu akapitisha kidole juu ya kasha. Vumbi lilikuwa kila mahali isipokuwa sehemu moja, upana wa kiganja, iliyokuwa inateleza. Alikinusa kidole.

Karafuu.

Akaipangusa kwa karatasi safi, akaitia hiyo nayo kwenye bahasha, akarudisha diski, akaiwasha seva na kuanza kuihoji. Mundhir alikuwa mtu wa kuweka kumbukumbu za kila kitu. Ndani mle aliacha programu ndogo inayonakili joto la mashine na mwendo wa feni kila dakika, usiku na mchana, tangu alipoiwasha mara ya kwanza. Fundi wa Dar hakuifungua. Huenda hakujua kama ipo, au alikuwa na haraka ya kurudi kabla ya foleni.

Gertruda alitafuta siku ya kwanza ya ugonjwa. Saa nane na dakika tano mchana, nyuzi joto sitini na nane, feni imeanza kukaza. Saa nane na dakika kumi na mbili, sabini na tisa. Robo na ushei, tisini na moja, feni inazunguka kwa nguvu zake zote. Saa nane na dakika ishirini na nne, tisini na tisa, kisha hakuna kitu. Akaenda siku ya pili, saa sita na nusu. Siku ya tatu, saa tisa. Saa zilipishana, lakini mwenendo ulikuwa uleule mara zote kumi na moja. Na kabla ya wiki hizo tatu, miaka yote, hata michana ya Februari, joto halikupata kuvuka themanini.

Aliegemea ukuta akafikiri. Mashine iliyokatiwa umeme hufa ghafla, ikiwa na joto lake la kawaida. Hii haikukatiwa umeme. Kila mara ilikosa hewa, ikachemka kwa dakika ishirini, ikajizima yenyewe isije ikaungua. Mtu aliiziba, akakaa nayo mpaka ikanyamaza, halafu akaondoa alichozibia. Tena hakuizukia tu wakati wowote. Alingoja mpaka feni ianze kupiga kelele.

Mwanabaraka alikuwa uani anakunja nguo. Alipoitwa, alikiri kabla Gertruda hajakaa vizuri.

"Ni pasi, Sajenti. Naapa sikukusudia. Jumatatu na Alhamisi nachomeka pasi kwenye soketi ileile ya mashine, chumba cha kazi cha marehemu, maana ya uani imeungua. Nimekuwa na hofu mwezi mzima."

"Jumatatu na Alhamisi tu?"

"Hizo tu."

Gertruda alitazama orodha yake. Kati ya siku kumi na moja, Jumatatu ilikuwa moja, Alhamisi hakuna. "Piga pasi kwa amani, bibie," alisema. "Ila hiyo soketi ya uani Yousuf aitengeneze, itakuunguza wewe." Mwanabaraka alishusha pumzi kubwa, akashika tena shuka lake.

"Nikuulize lingine. Kuna blanketi jekundu humu ndani?"

Uso wa Mwanabaraka ulibadilika. "Lilikuwa la marehemu, tangu mdogo. Mimi silifui. Bi Khairiya amenikataza nisiliguse."

Hanadi alimpokea Gertruda chumbani kwake, dirisha limeshushwa pazia. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, kanga zimechuja, mikono haina hina, macho hayana wanja. Hata hewa ya chumba kile haikuwa na harufu ya chochote, na katika nyumba ya pwani jambo hilo lilitosha kumwambia mgeni kwamba humu mna mjane.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Waambie ni mimi."

Katika miaka kumi na tisa Gertruda alisikia watu wengi wakikiri, na waliokiri bila kuulizwa ndio waliompa kazi zaidi.

"Unaizimaje?"

"Nachomoa waya ukutani."

"Inazimika papo hapo?"

"Papo hapo."

"Nyuma ya kigoda kuna betri ya akiba. Ukichomoa waya ukutani, mashine inaendelea robo saa nzima, na betri inapiga mlio mpaka jirani anauliza kuna nini."

"Basi nabonyeza kitufe."

"Chagua moja, mdogo wangu."

Gertruda akavuta kigoda, akakaa karibu yake, magoti yakakaribia kugusana.

"Juu ya kasha kuna mafuta ya karafuu," alisema. "Wewe uko eda. Huu mwezi wa nne na ushei hata sabuni yako haina harufu. Mkono ulioshika pale si wako. Sasa mbona unang'ang'ania kosa la mwenzio?"

"Andika tu ni mimi." Machozi yalimtoka bila sauti. "Siku tisa nitakuwa nimeshaondoka, na mambo yataisha. Nakuomba, Sajenti."

"Unamfichia nani?"

Macho ya Hanadi yalimponyoka, yakaenda kwenye ukuta ambao nyuma yake mlikuwa na kile chumba cha kazi, na nyuma ya hicho chumba cha mama mkwe wake. Gertruda aliuinua mkono wake wa kulia, ule aliompa Bi Khairiya asubuhi, akaunusa. Karafuu ilikuwa bado imo.

Hata hivyo, harufu si ushahidi, na mzee aliyekuwa anamshuku ndiye mlalamikaji mwenyewe. Alitoka sebuleni akaaga kwa sauti ya kusikika, akasema anakwenda mjini kutafuta kifaa, atarudi kesho. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa uani, akarudi chumbani kwa Hanadi. Mlango wa kuingilia chumba cha kazi waliuacha wazi kiasi cha vidole viwili. Wakakaa chini kwenye mkeka, mjane na sajenti mstaafu, wakasubiri.

Joto la saa nane lilikuwa kali, mwezi wa Oktoba umeshaanza kuchoma. Nyuma ya mlango feni ilibadilisha mwendo. Kwanza ilikoroma, kisha ikaanza kuvuta na kusukuma hewa kwa kasi na kimluzi chembamba mwishoni, mluzi wa feni iliyochakaa. Hanadi aliziba masikio kwa viganja vyake. Hapo tu ndipo Gertruda aliposikia alichokuwa anakisikia mwenzake. Ile haikuwa sauti ya feni kwa mtu yeyote aliyewahi kulala nyumba moja na mgonjwa wa pumu.

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa.

"Nakuja, baba," ilisema sauti ya Bi Khairiya. "Nakuja. Usihangaike."

Alikuwa amebeba blanketi jekundu kifuani na kichupa mkononi. Alipiga magoti kwa taabu, goti moja kisha la pili, mbele ya kigoda. Akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto, akaanza kuchua juu ya kasha, polepole, akizungusha, vile kifua cha mtoto kinavyochuliwa. Halafu akalitandaza blanketi, akalifunika kasha lote, akazichomeka pembe chini yake ili baridi isipite.

"Pumua taratibu. Taratibu, Mundhir. Gari linakuja. Safari hii mama yako hatabaki."

Feni ilivuma chini ya blanketi, ikapanda, ikapanda tena. Gertruda alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Angeweza kunyanyuka akalifunua. Alishawahi kuvunja milango ya watu wenye mapanga, na mchana huo hakuweza kusukuma mlango uliokuwa wazi. Alibaki palepale, saa mkononi, akihesabu dakika kwa mazoea kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Dakika ya kumi na tisa mashine ikanyamaza.

"Haya," alisema Bi Khairiya kwa faraja kubwa. "Umelala." Akalivua blanketi taratibu asimwamshe, akalikunja, akatoka.

Gertruda alilia. Hakujaribu kujizuia, na Hanadi alimpa ncha ya kanga yake ajifutie.

"Siku ile," alinong'ona Hanadi, "kifua kilimbana saa nane mchana kama hivi. Yousuf akaleta gari mlangoni. Mimi nilikaa nyuma, nimempakata. Mama alikuwa anakuja nasi, mguu mmoja umeshaingia ndani. Akasema ngojeni, nimesahau blanketi lake, atapata baridi. Akarudi ndani. Mundhir alikuwa anageuka bluu midomoni. Mimi nikamwambia Yousuf, twende. Mimi ndiye niliyesema. Nikageuka nyuma, nikamwona amesimama mlangoni na blanketi mikononi." Akaikunja ile ncha ya kanga iliyolowa. "Hatukufika mjini."

"Na hakumbuki anachokifanya hapa?"

"Dakika chache tu kinamtoka. Joto lilipoanza, na feni ikaanza kukoroma, ndipo alipoanza. Mara ya kwanza niliingia nikamkuta. Nikasema, mama, unaizima. Alinitazama akapiga ukelele, akasema, mimi mama yake nimemuua tena, nimemuua tena. Kisha akasahau. Sikuthubutu kumwambia mara ya pili. Bora aniseme mimi. Mimi si ndiye niliyemwacha?"

Papo hapo sauti ilipanda kutoka sebuleni, kali, imejaa uchungu wa kweli.

"Hanadi! Umeshaizima tena! Hanadi!"

Hanadi alinyanyuka kwenda kuomba radhi. Gertruda akamshika mkono. "Kaa," alisema. "Leo naitika mimi."

Alimkuta Bi Khairiya amesimama katikati ya sebule, anapapasa hewa.

"Nani huyo?"

"Gertruda, Bibi. Nimerudi. Nimeshampata mwenye kosa."

"Si nilikwambia? Ni yeye."

Gertruda alikuwa amesimama mahakamani mara nyingi na kula kiapo cha kusema kweli yote. Alimshika Bi Khairiya mikono yote miwili, akamketisha.

"Si mtu, Bibi. Ni uzee wa mashine. Joto likizidi, pumzi zinaipanda, inazidiwa. Hanadi hana kosa. Hata kwa kidole hakuigusa."

"Pumzi zinapanda," alirudia Bi Khairiya, na uso wake ukalegea. "Masikini. Kumbe. Sasa itapona?"

"Itapona."

"Una hakika si Hanadi?"

"Ningekuandikia na kupiga mhuri, ila macho yako hayatasoma. Nitakusomea."

Jioni ile Gertruda alikwenda dukani kwa Yousuf na kumweleza yote, nyuzi za sufu, mafuta, blanketi, gari. Yeye hakumficha chochote, kwa kuwa huyo ndiye atakayempeleka mama kwa daktari wa mambo ya usahaulifu, na hilo haliwezi kufanywa kwa maneno ya nusunusu. Yousuf alisikiliza ameinamia meza ya duka. Mteja aliingia kuulizia misumari, akamwona, akatoka kimyakimya.

"Mimi ndiye niliyekanyaga mafuta gari likaondoka," Yousuf alisema mwishowe. "Na sikugeuka nyuma hata mara moja."

Ijumaa Gertruda alirudi na kompyuta nyingine, ndogo, ya kutosha juu ya rafu ya chumbani kwa Hanadi. Rekodi zote akazihamishia humo, na spika ya Bi Khairiya akaiunganisha nayo. Mwanzoni mwa kila usomaji akaweka sauti yake mwenyewe, kavu, ya kipolisi: "Mimi Sajenti Gertruda, nimechunguza mashine hii, na Hanadi hana kosa." Siku ya kwanza Bi Khairiya aliitika, "Ahsante, Sajenti." Siku ya pili aliitika vilevile, kwa mshangao uleule, na tangu hapo kila alasiri alisikia habari njema kama mpya.

Kasha la zamani hakuliondoa. Alitoa ndani yake vyote vya kuchemka, akaacha feni, taa ndogo ya kijani, na waya mmoja wa kuilisha umeme kidogo usioweza hata kupasha moto kikombe cha chai. Aliifunga feni kwenye kipimo cha joto la chumba ili mchana ikaze kama ilivyozoea. Kuinyamazisha ilikuwa kazi ya dakika moja, na hakuwa na moyo wa kuifanya.

Siku eda ilipoisha walimwita chakula. Alimkuta Hanadi ameoga, amevaa dera la kijani, udi umemwingia kwenye nywele, na bado anatembea karibu na ukuta, hajazoea kuwa huru. Begi lake alilolifunga wiki moja nyuma lilikuwa mlangoni mwa chumba. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyekumbuka kumwambia abaki.

Saa nane feni ikaanza kukoroma. Wote watatu waliokuwa mezani, Yousuf, Hanadi na Gertruda, waliacha kula. Bi Khairiya alikuja na blanketi, akapita mbele yao bila kuwaona, akaingia chumba cha kazi. Akachua, akatandaza. Upande mmoja ukamponyoka, akaukosa kwa mkono, akaupapasa.

"Nani yuko hapo mlangoni?" aliuliza. "Nasikia udi."

"Mimi, mama. Hanadi."

"Mbona umesimama mbali? Njoo. Shika upande huu, mimi peke yangu siwezi."

Hanadi aliingia, akapiga magoti. Wakalivuta blanketi pamoja, wakachomeka pembe, huyu huku na huyu kule. Feni iliendelea kupumua chini yake. Bi Khairiya aliinamisha sikio, akasikiliza dakika tano, kumi, ishirini. Haikunyamaza. Akanyoosha mkono gizani mwa macho yake, akautafuta uso wa mkamwana wake, akaushika.

"Hanadi," alisema. "Leo tumemuwahi."

"Ndiyo, mama," alisema Hanadi. "Tumemuwahi."